Nyumba Iliyokamata Sauti

“Mjomba, wimbo ukiisha huenda wapi?”

Aliyeuliza hilo asogee mbele. Njoo, mpwa wangu, kaa hapa karibu. Kuna watu wazima wanaosikia nyimbo tangu siku ya kuzaliwa, na swali hilo halijawahi kuwapitia kichwani. Wewe umeuliza na meno ya mbele bado hayajaota yote. Vizuri sana.

Basi sikiliza. Wimbo ukiisha hauendi popote. Sauti ni hewa inayotikisika. Ukiimba, hewa inatikisika. Hewa ikitikisika, ngozi nyembamba ndani ya sikio la mwenzako nayo inatikisika. Ukinyamaza, hewa inatulia. Kwisha! Sauti haikai.

Watu waliimba hapa kwetu Kilo, Ituri, kabla gari lolote halijafika. Waliimba wakilima, wakizika, wakioa. Nyimbo hizo ziko wapi? Nyingine zimepita mdomo kwa mdomo hadi kwetu. Lakini sauti zenyewe, za wale watu wenyewe? Sauti haikai.

“Lakini Mjomba, Franco alikufa zamani, na asubuhi hii hii nimemsikia kwenye redio ya jirani!”

Ehee! Mtoto huyu ana masikio. Franco Luambo Makiadi alifariki Oktoba 1989, na bado anaimba kwa jirani. Maana yake kuna mahali sauti yake ilikamatwa kabla haijakimbia. Mahali hapo palikuwa nyumba moja mjini Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa. Nyumba hiyo iliitwa Loningisa. Ilikuwa studio.

“Studio ni nini?”

Ninyi ni watoto wa Kilo. Nitawaeleza kwa dhahabu.

Mnajua habari ya kwetu. Mwaka 1903 watafuta madini waliona dhahabu kwenye kijito cha Agola, na mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Tangu hapo jina la Kilo likazunguka dunia pamoja na mwenzake, Moto: Kilo-Moto. Na mnajua shimo linavyokwenda. Mchimbaji ana mikono na nguvu. Hana pampu, hana kamba, hana unga wa kula mpaka dhahabu itoke. Vyote hivyo ni vya mwenye shimo, yule tunayemwita PDG. Mchimbaji anaingia, anatoa mchanga, mchanga unaoshwa, uchafu unakwenda na maji, dhahabu inabaki. Halafu PDG anachukua fungu lake.

Studio ilikuwa shimo la namna hiyo. Mwanamuziki ana koo na vidole. Hana maikrofoni, hana mashine ya kunasa sauti, mara nyingi hata gitaa hana. Vyote ni vya mwenye nyumba. Mwanamuziki anaingia, anaimba, kelele inaachwa nje, wimbo unabaki. Halafu mwenye nyumba anachukua fungu lake.

“Fungu kubwa, Mjomba?”

Subiri, usinikimbize. Tutafika huko.

PDG wa Loningisa alikuwa Mgiriki, Basile Papadimitriou. Alifungua nyumba yake mwaka 1950. Naona mnatazamana. Mgiriki alitafuta nini Kongo? Biashara, wapwa wangu! Zamani hizo Wagiriki walikuwa na maduka katika miji mingi ya Kongo. Waliuza vitambaa, waliuza chumvi, waliuza sabuni. Na baadhi yao wakagundua kwamba Mkongo akishanunua sabuni, zile franga zinazobaki mfukoni anazipeleka kwenye muziki. Miaka hiyo watu walipenda santuri zilizotoka ng’ambo, zenye nyimbo za Kuba. Walicheza, walitikisa mabega, ila maneno hawakuyaelewa. Mfanyabiashara mwenye akili akajiuliza: je, wakisikia muziki wa kuchezeka, na maneno ni ya kwao?

Wa kwanza kulifanya swali hilo kuwa biashara kubwa hakuwa Papadimitriou. Alikuwa Mgiriki mwenzake, Nicolas Jéronimidis, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuiita Ngoma. Hapo Ngoma ndipo alipoingia kijana mmoja aliyezaliwa Mushie mwaka 1925. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto Kongo. Alikuwa bondia pia. Jina lake Wendo Kolosoy. Akaingia na mpiga gitaa Henri Bowane, wakaimba wimbo wa msichana aitwaye Marie-Louise.

Loo! Wimbo huo uliwasha nchi. Watu walinong’onezana kwamba ukipigwa saa sita usiku, wafu wanaamka. Msiniulize kama niliwahi kujaribu. Saa sita usiku mimi hulala. Lakini viongozi wa kanisa hawakucheka. Wendo alipata taabu, akafukuzwa Léopoldville, akafungwa huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Kwa wimbo! Na wimbo wenyewe ukaendelea kuimba nje ya jela, kwa sababu ulikuwa umekwisha kukamatwa kabla ya mwimbaji. Lakini Wendo hakushindwa. Alizeeka akiitwa Papa Wendo, akaimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2008.

Sasa mshike huyu Bowane, msimwache, maana ndiye anayetupeleka Loningisa. Papadimitriou alipofungua shimo lake, alihitaji mtu anayejua kutofautisha dhahabu na mchanga unaong’aa. Akamchukua Bowane kutoka Ngoma. Bowane akawa sikio la nyumba. Kijana akija na gitaa, Bowane anasikiliza. Akitikisa kichwa, kijana anarudi nyumbani. Akitabasamu, kijana anakaa.

“Na Franco?”

Franco anakuja. Yuko sokoni bado.

Mama yake Franco aliuza mandazi kwenye soko la Ngiri-Ngiri, Léopoldville. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Mtoto Franco alijitengenezea gitaa. Alichukua kopo. Alichukua nyaya za umeme, akazibambua, zikawa nyuzi. Kisha akakaa karibu na meza ya mama yake, akapiga. Watu waliokuwa wanapita wakasimama kusikiliza. Aliyesimama akasikia harufu ya mandazi. Aliyesikia harufu akanunua. Ninyi mnaosema hamwezi kufanya kitu kwa sababu hamna vyombo, mmenyamaza sasa, eh?

Kijana mmoja mwanamuziki, Ebengo Dewayon, alimwona mtoto huyo na kumfundisha gitaa la kweli. Mwaka 1953 wakafika Loningisa. Franco alikuwa na miaka kumi na mitano. Bowane akasikiliza. Bowane akatabasamu. Na Papadimitriou akamfunga kijana kwa mkataba.

Hapa nampisha msimuliaji mwingine, maana mimi sikuwemo ndani ya chumba kile. Yeye anajua. Ni santuri mzee wa Loningisa, mweusi, mzito, pembeni amemeguka kidogo. Karibu, mzee. Waeleze hawa.

“Asante. Mimi ni santuri. Mama yangu ni mdudu.”

Msicheke! Mwacheni aseme.

“Mama yangu ni mdudu. Huko India kuna mdudu mdogo sana anayekaa kwenye matawi ya miti na kutoa utomvu wake kama kinga. Watu hukwangua utomvu huo, huuyeyusha, huuchanganya na unga wa mawe na rangi nyeusi. Ndio mwili wangu. Ndiyo maana nikianguka navunjika, na ninyi mnapigwa.

“Lakini sauti yangu ni ya Léopoldville. Siku hiyo mlango wa chumba ulifungwa. Madirisha yakafungwa. Joto likapanda. Wanamuziki walisimama kuizunguka maikrofoni: mwimbaji karibu, gitaa nyuma kidogo, mwenye ngoma mbali kabisa, maana mkono wake una nguvu. Hakukuwa na namna ya kuimba leo na kupiga gitaa kesho. Wote pamoja, mara moja. Mmoja akikohoa, wote wanarudia. Mmoja akisahau neno, wote wanarudia. Kuku akilia nje? Wanarudia.

“Kisha moja, mbili, tatu. Wakaimba. Hewa ikatikisika. Maikrofoni ikaupokea mtikisiko na kuugeuza umeme. Umeme ukaenda mpaka kwenye mashine, na mwishowe sindano kali ikachora mfereji mwembamba unaozunguka, zunguka, zunguka kuelekea katikati. Sauti ikipanda, mfereji unapinda namna hii. Sauti ikishuka, unapinda namna ile. Kila mpindo ni kipande cha wimbo. Baadaye nakala zikachapwa Ulaya, kwa mashine kubwa zenye moto, zikarudi Kongo kwa sanduku. Mimi ni mmoja wao.

“Unaniweka kwenye gramafoni. Unazungusha mkono wake ili uvute springi, umeme hauhitajiki. Mimi nazunguka mara 78 kwa dakika. Sindano inapita kwenye mfereji wangu, inapinda ninapopinda, inatikisika, hewa inatikisika, na Franco anaimba. Sauti imekaa. Ila nina pumzi ya dakika tatu tu kila upande. Zaidi ya hapo mfereji unakwisha.”

Asante, mzee. Kapumzike, usije ukaanguka.

Mmesikia? Dakika tatu. Mara 78 kwa dakika, dakika tatu, piga hesabu: mizunguko 234. Ndiyo maana rumba za zamani ni fupi. Mwimbaji aliyekuwa na mengi ya kumwambia mpenzi wake ilimbidi ayaseme haraka. Leo mwanamuziki wa Kinshasa anaweza kutaja majina ya marafiki zake dakika nne kabla wimbo haujaanza. Mimi, ukiniuliza, napenda zile dakika tatu. Lakini mimi ni mzee, msinifuate katika hilo.

“Mjomba, wasichana hawakuwemo?”

Nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize, na nimefurahi kwamba aliyeuliza ni mvulana. Walikuwemo, ingawa wachache. Léopoldville ilikuwa na studio nyingine pia: Opika ya ndugu wawili wa ukoo wa Benatar, na kuanzia mwaka 1957 Esengo ya Dino Antonopoulos. Katika wasichana hao alikuwemo Lucie Eyenga, aliyeimba miaka hiyo ya 1950, na sauti yake mkiisikia mtaacha kutafuna. Mwaka 1953 akafika pia Mbelgiji Bill Alexandre na gitaa la umeme, na vijana wote wa mji wakaanza kuliota usiku.

Studio hizi zilishindana kama majirani wenye maduka yanayotazamana. Hii ikipata mwimbaji, ile inamtafuta wake. Hii ikitoa wimbo Jumatatu, ile haitaki kulala. Na katika kushindana huko muziki ukanoga. Opika walikuwa na Joseph Kabasele na bendi yake African Jazz: sauti laini, mavazi safi. Loningisa walihitaji jibu.

Jibu likaja mwaka 1956. Wanamuziki wa Loningisa, waliokuwa wakirekodi pamoja mchana, walianza kupiga pamoja usiku kwenye baa ya bwana mmoja aitwaye Oscar, ambaye herufi za kwanza za majina yake zilikuwa O na K. Tarehe 6 Juni 1956 bendi ikazaliwa rasmi: OK Jazz. Walikuwemo Vicky Longomba, Essous, Rossignol, De La Lune, Dessoin. Na Franco, aliyekuwa bado mwezi mmoja kutimiza miaka kumi na minane. Bendi hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Waliingia, walitoka, waligombana, walirudi. Mtoto wa mandazi akabaki.

Sasa lile swali la fungu. Nani aliuliza? Wewe. Sikulisahau.

Fungu la mwenye nyumba lilikuwa kubwa, ndiyo. Mara nyingi mwanamuziki alilipwa pesa kidogo kwa wimbo, mara moja, na hadithi imekwisha. Santuri ikiuzwa mia, ikiuzwa elfu, yeye haongezewi. Gitaa alilopigia lilikuwa la studio, akiondoka, analiacha. Mnaona? Mtu anatoa dhahabu kwa mikono yake, dhahabu inapanda ndege, yeye anabaki na ujira wa siku. Watoto wa Kilo hawahitaji kuelezwa zaidi.

“Kwa hiyo Wagiriki wale walikuwa wabaya?”

Taratibu. Ungekuwa umeuliza tu, ningejibu haraka, lakini uso wako unaonyesha umekasirika, kwa hiyo nitajibu polepole. Walikuwa wafanyabiashara. Walipenda faida. Lakini pia waliweka maikrofoni mbele ya vijana ambao serikali ya Wabelgiji iliwaona kama mikono ya kazi tu. Walirekodi kwa Kilingala, kwa Kikongo, kwa Kiswahili, kwa Kiluba. Bila wao, mtoto wa Ngiri-Ngiri angepiga, watu wangenunua mandazi, na sauti ingekimbia. Mimi nasema yote mawili: sauti ilikamatwa, na aliyeitoa hakulipwa ipasavyo. Mtu akikuambia nusu moja tu, mwambie amalizie.

Na wanamuziki nao hawakuwa wajinga. Mwanzoni mwa 1960 Kabasele na African Jazz walikwenda Brussels, wakati viongozi wetu walipokuwa kwenye mkutano wa kutafuta uhuru, na wakarekodi huko wimbo wa uhuru. Mwaka uliofuata OK Jazz nao wakaenda kurekodi Brussels. Mlango ulikuwa umefunguka. Nchi ilipata uhuru Juni 1960, vurugu zikafuata, pesa zikawa ngumu, santuri za mdudu zikaachia nafasi santuri nyepesi za plastiki. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 Loningisa ikafungwa. Esengo ikafungwa. Ngoma ikajikaza mpaka 1971, nayo ikafunga. Franco akawa na lebo zake mwenyewe. Mchimbaji akawa PDG! Na wale waliopigia bendi yake, je, wote waliridhika na fungu lao? Hilo muulizeni mzee mwingine, mimi nina marafiki pande zote mbili.

“Kwetu Ituri hakuna aliyekuja kukamata sauti?”

Kaa vizuri, maana hili ndilo nililotaka niulizwe tangu mwanzo.

Alikuja. Mwaka 1952, wakati Bowane anasikiliza vijana Loningisa, mzungu mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Kongo na gari lenye mashine za kurekodi. Studio yake ilikuwa na magurudumu. Mwaka huo huo, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco, bingwa wa gitaa aliyeimba kwa Kiswahili. Kisha akafika kando ya msitu wetu wa Ituri, akarekodi Wanande, Wabudu na Wambuti: nyimbo za ngoma, za likembe, kile kinanda cha vidole gumba, za watu wengi pamoja. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na zinasikilizwa mpaka leo. Watu wale hawakusafiri hadi Léopoldville. Mashine iliwafuata chini ya miti.

Mjue pia kwamba Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya pande zote mbili za mto, kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nilipoisikia habari hiyo niliwaza yule mdudu wa India. Hakuna aliyemkumbuka.

“Mjomba, yule mzee wa likembe wa kule bondeni, amewahi kurekodiwa?”

Sidhani.

“Simu ya dada ina maikrofoni.”

Ina maikrofoni, ndiyo! Ndogo kama punje ya mchele, na inafanya kazi ile ile ya maikrofoni ya Papadimitriou. Haya, tupange. Msiende na chaji nusu. Msirekodi karibu na jenereta ya kinyozi, wala karibu na pampu za mashimo, maana mashine haichagui, inakamata kila kinachotikisa hewa. Mzee akae kivulini. Simu iwe karibu na likembe kuliko mdomo, kwa sababu likembe ina sauti ndogo na mzee ana sauti kubwa. Kabla hajaanza, aseme jina lake, kijiji chake, na wimbo alifundishwa na nani. Hayo nayo myakamate. Asipunguzwe: simu haina pumzi ya dakika tatu. Na nyie mnaokohoa mbaki nyumbani.

“Na akituuliza tunamlipa nini?”

Mzungumze kabla ya kubonyeza, mbele ya mke wake, na akikataa mnarudi na simu yenu mfukoni. Mimi nitachangia sukari kilo moja na majani ya chai. Dada yako yuko wapi? Mwite, tumwombe hiyo simu kabla jua halijawa kali.